Ombi la Karatasi

Bikenibeu, Tarawa
4 Februari 2008

Mama Mkubwa,

Nakusalimu wewe na Tebora, na jirani yenu mzee Baikia pia, kama bado anakwea minazi yake akiimba nyimbo zisizofaa kusikiwa na mke wa mchungaji.

Nisamehe kwa siku ile ya redio. Nilitamani sauti yako, nikasahau kwamba redio ya halmashauri ni masikio ya kisiwa kizima. Nilipouliza, "Maji vipi?" nilisikia mtu akikohoa nyuma yako na mwingine akicheka, nawe ukanijibu kwa ile sauti yako ya kanisani: "Tunamshukuru Mungu." Hilo si jibu, Mama Mkubwa. Ndiyo maana naandika.

Huku kila anayetoka visiwa vya kusini anasema jambo lile lile: mvua ilikatika kabla ya Krismasi na haijarudi. Msichana wa Arorae anayepanga chumba cha pili anasema kwao majani ya mishelisheli yanadondoka makavu kama karatasi. Namsikiliza, halafu nalala nikiwaza kisima chenu, lile jiwe lake jeupe, na Tebora akiinama juu yake na kopo mkononi.

Wiki iliyopita nilichora nchi yetu ubaoni. Unajua inavyochoreka: vitone vya chaki, na kati yake weusi mtupu wa ubao. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, bahari yote hiyo ni yetu?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo maana meli za kigeni zinatulipa zikitaka kuvua jodari humo. Akasema, "Basi waambiwe watulipe kwa maji." Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, kisha nikageukia ubao nikafuta mahali ambapo hapakuwa na maandishi.

Nimewatumia mchele, maziwa ya kopo na viatu vya Tebora. Kama vinambana, nitumie kipimo cha mguu wake, usimlazimishe.

Niambie ukweli wa kisima. Na mashimo ya magimbi yetu ya babai yakoje? Tebora anakunywa nini?

Shule iliyo karibu nami ina nafasi darasa la pili. Nasema tu.

Mwanao,
Teretia


Bakaakaa, Tamana
2 Machi 2008

Teretia,

Mchele umefika, na nusu yake imekwishaliwa na watu waliokuja kuutazama. Mke wa mchungaji alifanya bubuti, akaomba vikombe viwili. Binamu yako akaomba zaidi ya hapo, kama kawaida yake. Baikia akaomba gunia lenyewe, tupu, eti ashone suruali ya kwendea kanisani, na maandishi ya kiwanda yakae nyuma ili watu wapate cha kusoma wakati wa sala. Nani angewanyima? Mtu akishakuja akakaa mkekani mwako, akakutazama usoni akasema "nakuomba," umekwisha. Ukinyima utaishi wapi? Kisiwa chenyewe unakimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa.

Kisima chetu ni kitamu. Sijui watu wa Arorae wamekosana vipi na Mungu, lakini sisi tuko salama. Babai zina manjano kidogo majanini, ni mambo ya kawaida. Nazi zinaanguka zikiwa ndogo kama ngumi ya mtoto, kwa hiyo mbata ni chache, na meli hii unaijua: inafuata mbata, haiji kutazama nyuso zetu. Isipopata mzigo inatupita. Mchele ukiisha dukani bado nina tuae, ile mikate ya mkadi niliyoikausha mwaka ule wa neema. Inatafunika kama mkanda wa kiatu, lakini inashibisha.

"Nasema tu," unaniambia. We mtoto, nimekuogesha mimi. Ukisema tu, najua unachokusudia. Nikukumbushe basi. Ulipokuwa na mimba, na yule baharia wako amerudi zake kwenye meli za Wajerumani bila hata kuaga, nilisafiri mpaka kwenu. Nikakaa mkekani mbele ya marehemu mama yako, nikakutazama usoni, nikakuomba huyo aliye tumboni, kwa kuwa langu mimi halikuwahi kushika kitu. Hukukataa. Ulimleta mwenyewe, amevikwa kofia nyekundu ya sufu katika joto lile. Tangu siku hiyo ni mwanangu. Kilichoombwa kikatolewa hakiombwi tena na aliyekitoa. Hata watoto hapa wanalijua hilo, wala hawajakwenda chuo Fiji.

Tebora ameng'oka jino la mbele. Amelitupa juu ya paa na sasa kila asubuhi anapanda kuangalia kama limeota. Anataka kukuandikia, namwachia nafasi hapa chini.

Mama yako mkubwa,
Kinaai

Mama Mdogo viatu vizuri vinalia kwi kwi. Maji ni matamu. Mama amesema niandike hivyo. Baikia anatuangulia dafu moja nakunywa mimi peke yangu kwa sababu ni mdogo. Mama anasema hapendi madafu. Zamani alipenda. Tebora


Bikenibeu
20 Machi 2008

Mama Mkubwa,

Barua yako nimeisoma mara moja. Mistari ya Tebora nimeisoma mpaka penseli imefifia kwenye kunjo la karatasi.

Wewe hupendi madafu? Wewe, niliyekuona kwa macho yangu ukimfukuza Baikia kuzunguka ukumbi wa maneaba, mkiwa na mvi nyote wawili, kwa sababu ya dafu moja?

Nikuambie ninachowafundisha watoto wa watu. Chini ya kisiwa hakuna mto wala chemchemi. Kuna mvua iliyozama mchangani ikaelea juu ya maji ya bahari, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Mvua ikikatika na watu wakiendelea kuchota, mafuta yanakwisha na mchuzi unapanda. Kwa macho huoni tofauti, kisima kinabaki cheupe vile vile. Unaonja tu. Lakini haya wewe ndiye uliyenifundisha kwanza, nikiwa mdogo kuliko Tebora. Ulisema bahari inalala chini ya kitanda chetu, na siku tukiisahau mvua itaamka. Niliogopa kulala. Sasa naogopa tena, na nina shahada.

Mtu mzima huyavumilia maji hayo kwa muda. Mtoto hayavumilii. Akianza kuharisha huko, nani atamtibu? Muuguzi wenu yuko Tarawa tangu Januari, nimekutana naye sokoni akinunua betri.

Najua nilichotoa. Sijalala kwa kutafuta njia nyingine ya kulisema hili na sijaipata. Kwa hiyo nimetandika mkeka sakafuni, nimekunja miguu, nimeelekea kusini. Jirani amechungulia akadhani nasali. Mama Mkubwa, nakuomba Tebora. Ninafanya bubuti. Nipe mpaka mvua irudi.

Sina sababu nyingine.

Teretia


Bakaakaa
11 Mei 2008

Teretia,

Meli ya Aprili haikuja. Hii ya Mei imekuja na unga na sigara, ikaondoka na viroba vichache mno vya mbata. Nahodha aliviangalia kama mtu aliyepewa mifupa. Barua yako nimepewa ufukweni, mbele za watu. Na zaidi ya barua nimepewa habari.

Baharia mmoja wa meli hii, mtoto wa Kaure, aliruka kutoka mashuani akanishika mkono: "Hongera, Nei Kinaai! Jina la binti yako limetoka! Anakwenda Nyuzilandi!" Wanawake wote wakageuka. Mke wa mchungaji akasema, "Ala, na hukutuambia!" Nikacheka nikasema, "Habari njema huwa siharakishi," kana kwamba nilikuwa nayo. Nimetembea kutoka ufukweni mpaka nyumbani nikiwa bado nacheka, mashavu yananiuma.

"Sina sababu nyingine." Umeandika kwa mkono wako.

Kumbe si maji. Mafuta juu ya mchuzi, bahari chini ya kitanda, yote hayo ulikuwa unanizungusha. Unataka kumchukua umpeleke mahali ambapo nikifa atapewa habari na posta. "Mpaka mvua irudi!" Mvua ya Nyuzilandi hiyo?

Na hiyo bubuti yako, mwalimu, si bubuti. Umeomba nini, na nani amekuona? Anayeomba huja. Huvuka bahari, hukaa, huaibika kidogo, hutazamwa. Ombi la karatasi ni karatasi. Nimefunikia chungu.

Tebora hajambo. Amekonda kidogo kwa sababu anakua kwenda juu. Sasa hivi ana

Hapa naandika mimi, Baikia. Mama yako mkubwa mkono umechoka, mwenyewe anasema ni uvivu wa kalamu. Anakaa pembeni yangu na ufito. Anasema niandike kwamba kisima ni kitamu. Nimeandika. Anasema niandike kwamba yeye ni mzima kabisa. Nimeandika. Mimi mwenyewe sijasema kitu.


Bikenibeu
25 Mei 2008

Mama Mkubwa,

Mkono wa Baikia kwenye barua yako umenitisha kuliko hasira yako. Unaumwa nini? Tangu lini?

Ni kweli, jina langu limetoka. Kila mwaka wanachagua kwa bahati nasibu watu wachache wa kwetu waruhusiwe kwenda kuishi kule. Nilijiandikisha bila kumwambia mtu, kama mtu anayetupa jiwe baharini. Kuna kazi inayoningoja, ya kutunza wazee. Mimi niliyekataa kukukata kucha za miguu nitakuwa nawakata wazee wa watu wengine, cheka kama unataka. Natakiwa niwe kule kabla ya mwisho wa Julai. Na mtoto anaweza kuandamana nami.

Nilikuficha kwa sababu nilijua ungeweka mambo mawili kwenye sahani moja. Sasa umeyaweka, na siwezi kukulaumu, kwa sababu hata mimi siyatenganishi. Nimejiuliza kipi kilitangulia moyoni mwangu, kiu yake au safari yangu. Nachimba, na kila ninapochimba napata chumvi. Lakini hata kama mimi ni mwongo, kisima chako hakidanganyi. Kionje. Mpe Baikia akionje mbele yako, halafu mtazame uso.

Kama Nyuzilandi ndiyo inayokuuma, nitakwenda peke yangu, na Tebora atakaa hapa na binti wa Arorae mpaka ukae vizuri. Kama ni aibu, niite jina lolote mbele ya maneaba nzima. Usinijibu kwa hasira. Nijibu kwa meli ya kwanza.

Teretia


Bikenibeu
19 Juni 2008

Mama Mkubwa,

Barua yangu ya Mei imerudi leo, imelowa ncha. Meli ilifika kisiwa cha Onotoa ikageuza. Hakukuwa na mbata ya kufuata huko kwenu. Yaani nazi hazikuzaa, basi meli haiji. Meli haiji, basi chakula hakiji. Nimewafundisha watoto hili kama somo la uchumi, kwa mishale ubaoni, na sikujua kwamba mshale wa mwisho unamwelekea mtu wangu.

Mchana halmashauri ya Tamana imesikika redioni ikiomba maji. Wametaja kwamba kuna watoto waliozikwa. Hawakutaja majina. Nilikimbia ofisi ya redio nikaomba niunganishwe, kijana wa pale akaita, akaita, kisha akavua vile vya masikioni akasema, "Dada, nadhani betri yao imekufa." Nikamwambia aendelee kuita. Akaendelea, kwa huruma tu, mpaka zamu yake ikaisha.

Serikali inatuma meli na mapipa ya maji mwanzoni mwa Julai. Ndege yangu ni siku hizo hizo. Nilikwenda kuomba wanisogezee tarehe. Bwana yule alikuwa mpole sana. Alisema, "Mwalimu, foleni ni ndefu nyuma yako." Nikamwambia basi asogee wa nyuma yangu.

Nakuja kukaa mkekani mwako. Unitazame.

Sijui kama Tebora ni miongoni mwa wale wasiotajwa majina. Nimejaribu kuandika sentensi hiyo kwa namna nyingine.

Teretia


Melini, nje ya mwamba wa Tamana
8 Julai 2008, asubuhi

Mama Mkubwa,

Niko hapa. Naliona paa la kanisa, naona watu mchangani, naona nguo ya manjano ambayo nadhani ni yako, lakini sioni mtoto, kila mtu ni mdogo kutoka hapa.

Mawimbi ya mwambani yako juu kuliko nyumba. Unakijua kisiwa chetu, hakina mlango wa kupitia mwambani. Nahodha anasema atathubutu mashua moja, mara moja tu, na itabeba mapipa mpaka ukingoni. Hakuna abiria anayeshuka. Nimemwomba. Nimemwambia mimi ni mwepesi kuliko pipa. Akasema, "Pipa likizama sitaulizwa na mama yake." Nikamfanyia bubuti mbele ya mabaharia wake, nikakaa chini kwenye sitaha yenye grisi. Amekuwa mwekundu akaondoka, akarudi, akasema, "Mimi ni mtu wa Butaritari, dada yangu, naijua bubuti kuliko wewe, na nakwambia siwezi." Sijawahi kumwona mtu akikataa. Alikuwa karibu kulia.

Kwa hiyo, baada ya bahari yote hii, ninayo karatasi tu. Mtoto wa Kaure atakupa na zile mbili zilizokwama. Zisome haraka.

Mashua itarudi tupu. Kama Tebora yupo hai, nipe.

Teretia


Ufukweni
Siku hiyo hiyo

Teretia,

Mabaharia wananihimiza, kwa hiyo sitakutukana kama nilivyopanga.

Nguo ya manjano ni ya mke wa mchungaji. Mimi niko chini ya mkadi, nimelazwa, ndiyo maana hukuniona. Barua zako Baikia amenishikia nikazisoma zote. Tebora yupo hai. Yuko hapa anavuta kalamu.

Kisima ni chumvi tangu Januari. Haya, nimesema. Babai zimeoza shimoni, ukizishika zinabaki mkononi kama uji. Nilidhani nitashindana na chumvi mpaka mvua ije. Nimewahi kushindana na kiangazi kabla hujazaliwa, nikashinda. Safari hii nilikuwa na umri mwingine.

Ombi lako nalikataa. Ni la karatasi. Na hata ungeshuka ningelikataa, kwa sababu ungekuwa umekuja kuchukua ulichotoa, na hawa wote waliosimama hapa wangeona, na mtoto angeitwa hivyo mpaka azeeke: yule aliyetolewa akarudishwa. Sitaki aitwe hivyo.

Kwa hiyo sikiliza. Mimi ndiye ninayeomba. Wameniinua wakanikalisha mkekani, watu wamenizunguka, mke wa mchungaji ni shahidi na unajua mdomo wake. Siwezi kuja kwako, basi nimemwazima mtoto wa Kaure mdomo. Atasimama mbele yako aseme kwa sauti, meli nzima isikie: Kinaai wa Bakaakaa anafanya bubuti kwa Teretia, anamwomba amlelee mtoto. Kataa basi, nikuone.

Mimi sipandi. Tumbo langu halishiki kitu, nitawachafulia mashua, na wimbi moja litanimaliza mbele yake. Nahodha asinisubiri.

Mfungeni kamba kiunoni. Anaogopa, lakini hatalia mbele za watu, kwa hiyo mpe mahali pa kulilia. Usimwambie kwamba ameniacha. Nimemwambia anakwenda Tarawa kuniletea maji.

Ukienda Nyuzilandi mvalishe ile kofia nyekundu. Imo katika furushi lake, ingawa sasa inamtosha ngumi tu.

Kinaai


Bikenibeu
17 Agosti 2008

Mama Mkubwa,

Alisimama, mtoto wa Kaure. Maji yanamchuruzika, goti linavuja damu, akasimama kwenye sitaha akapaza sauti kama mtu anayetangaza mnada. Alitaja jina lako na kijiji chako. Wapishi walitoka jikoni. Nahodha alivua kofia. Nami nikaitikia kwa kichwa, akasema, "Sema kwa mdomo, dada, bibi ameniambia nisiondoke bila mdomo." Nikasema ndiyo. Ndipo wakampandisha kwa kamba, macho ameyafumba, viatu amevishika mkononi ili visilowe.

Redio yenu bado kimya. Naita kila siku baada ya vipindi. Yule kijana sasa ananiwekea kiti.

Daktari amemwona Tebora. Figo zilikuwa zimechoka, zinaendelea vizuri. Amenenepa mashavu. Anakwenda shule, amewaambia wenzake kwamba yeye haishi hapa, amekuja kikazi.

Na sasa nikuambie kikazi maana yake nini. Kila nikimpa kikombe cha maji anakunywa nusu. Nusu anaipeleka dirishani, anafunika kwa jani. Siku za kwanza nilidhani anachezea. Vikombe vikaniishia, tukawa tunakunywa kwa mitungi ya jamu. Kimoja kiliingia sisimizi nikakimwaga nje, alinipiga, Mama Mkubwa, kwa ngumi zote mbili, akipiga kelele: "Hayo ni ya Mama! Hayo ni ya Mama!" Jirani alikuja mbio. Nilimkumbatia mpaka akachoka. Sikuweza kumwambia anywe yote.

Nafasi yangu wamempa mtu mwingine. Usilijibu hilo.

Leo tumemimina vikombe vyote kwenye chupa moja kubwa, yeye ameshika faneli. Hayakujaza. Amesema tusubiri, akanywa kidogo kidogo zaidi mchana wote mpaka yakajaa. Mtoto wa Kaure anaondoka kesho na meli ya kusini, kwa kuwa safari hii kuna mzigo, ameahidi kuilalia chupa.

Mama Mkubwa, najua unavyoyaona maombi ya karatasi. Bado nakuomba, na naomba usikatae: kunywa. Usimgawie mke wa mchungaji. Usimpe mtoto wa mtu yeyote, hata akikaa mkekani na kukutazama usoni. Kataa mara moja maishani mwako. Kunywa wewe.

Mwanao,
Teretia


Bakaakaa
6 Septemba 2008

Mwanangu Teretia,

Mimi ni Baikia. Mwandiko unaujua. Leo hakuna mtu pembeni yangu mwenye ufito, kwa hiyo nitasema kweli.

Chupa imefika salama, mtoto wa Kaure aliilalia kweli, ana alama ya kifuniko mgongoni. Haikumkuta mama yako mkubwa. Aliondoka wiki ile ile ya mapipa. Maji ya serikali aliyapata, tulimnywesha kwa kijiko. Alisema yana ladha ya rangi ya meli, na kwamba nahodha angeona haya. Nilifurahi, nikajua bado ni yeye. Siku ya pili hakusema kitu. Betri ya redio ilikuwa imekufa, tusingekuficha.

Tumemzika upande wa kisima, tumepanga mawe meupe kama alivyotaka, karibu na kile alichoshindana nacho. Wanawake waliimba vizuri. Mimi nilikatazwa kuimba.

Chupa ilipofika, habari ilitangulia. Mke wa mchungaji alikuja kuomba kikombe. Binamu yako alikuja. Mtu mmoja wa kijiji cha Barebuka ambaye hata simjui alikuja na kopo lake. Wote walikaa mkekani vizuri, wakaomba vizuri. Barua nilikuwa nimekwishaifungua, nikaona ulichomwagiza Kinaai, nikaona kwa kuwa hayupo basi kazi hiyo ni yangu. Nikawakatalia. Mzee mzima, mara yangu ya kwanza. Ulimi ulikauka kama niliyemeza mchanga. Sasa naitwa mchoyo kisiwa kizima, na nikipita watoto wananiimbia.

Jioni nilichukua mkeka nikautandika penye mawe yale meupe, nikakaa. Nikaisoma barua yako kwa sauti, yote, kwa sababu unajua alivyokuwa mkali juu ya karatasi. Nilipofika kwenye neno "kunywa" nikafungua chupa nikamimina polepole, mpaka tone la mwisho. Ardhi ya hapa imekauka sana, mwanangu. Haikukataa.

Mvua bado. Mimi nipo, minazi miwili mitatu inanidondoshea tembo kidogo.

Mwambie Tebora maji yamefika. Sasa amalize kikombe.

Baikia